Mpishi wa Taimir

Koti lenyewe lilikuwa la manyoya ya bandia, rangi ya maziwa yaliyochacha, na lilinifika magotini. Kofia yake ilikuwa na masikio mawili ya kufungia kidevuni. Viatu vilikuwa vya kiume. Ndani ya mavazi hayo nilisimama majira mazima ya baridi katika ukumbi wa maonyesho wa jengo moja la maduka hapa Dubai, kipaza sauti mkononi, nikiwatembeza watu juu ya Rasi ya Taimir.

Taimir ni nchi iliyochomoza juu kabisa ya bara la Asia, upande wa Urusi, ikaingia kwenye bahari ya barafu. Hakuna bara lolote linalofika kaskazini kuliko pale. Ukishapita ni visiwa na barafu tu. Walioandaa maonyesho waliitengeneza upya sakafuni kwa plastiki ngumu. Milima ya Byrranga ilikuwa na urefu wa goti la mtu mzima, Ziwa Taimir lilipakwa buluu ya bwawa la kuogelea, na bahari ilikuwa zulia jeupe. Kulikuwa na jahazi la wavumbuzi wa zamani lililobanwa na barafu ya sponji, na hema la ngozi, na reinde kadhaa wa plastiki, wale wanyama wa baridi wanaofanana na kulungu, wenye pembe kama matawi. Reinde mmoja alikuwa anatembea. Ndani yake alikuwamo mwanamume wa Mombasa, mwenzangu wa kazi, ambaye kila mapumziko alivua kichwa cha mnyama, akakiweka mezani kando ya chakula chake na kupepea uso kwa kifuniko cha boksi.

“Wewe angaa waonekana uso,” aliniambia siku ya kwanza. “Mimi hata mamangu akipita hapa hanijui.”

Sikumwambia kwamba nilimwonea wivu kwa hilo.

Kabla ya Dubai nilikuwa mwalimu wa jiografia Muheza, katika shule ya sekondari ya watu binafsi. Nilikuwa nafundisha tundra, nchi ya baridi isiyoota miti, kwa chaki ya rangi mbili. Shule ilipopunguza walimu, mimi niliyekuja mwisho nikatoka mwanzo, nikaja Dubai, nikaishia kuhudumia wateja katika mkahawa mmoja kwenye minara ya Jumeirah Lake Towers. Siku moja mteja alinisikia nikimweleza mwenzangu kwa nini huko kaskazini jua linaweza kukaa miezi bila kuchomoza. Akauliza nilisomea wapi, akasema kampuni yake inaandaa maonyesho. Wiki chache baadaye nilikuwa nimepimwa koti.

Nyumbani niliwaambia napeleka watalii. Nilidhani maneno hayo yangetosha. Lakini mgeni mmoja alinirekodi nikiwa juu ya Byrranga, mikono imetanuliwa kama meneja alivyotaka, na ile video, sijui kwa njia gani, ikafika mpaka kwenye simu ya mdogo wangu. Akaiweka kwenye kundi la ukoo. Shangazi mmoja akaandika, “Huyu si mwalimu wetu huyu?” Mwingine akaweka nyuso za kucheka. Mama alinipigia kwa sauti ya huruma kabisa: “Mwanangu, kumbe huko Dubai kuna baridi kiasi hicho?”

Nikamjibu kwamba ni ndani tu, Mama. Nikahisi masikio yanawaka.

Maneno niliyotakiwa kusema yaliandikwa na ofisi, kwa Kiingereza, nami niliyakariri. Mengi hayakuwa na ubaya. Kulikuwa na habari za mabaharia waliokaa majira mazima ndani ya jahazi wakingoja barafu iachie, na za watu waliopita pwani ile kwa sleji, vigari vya kuteleza barafuni vinavyovutwa na mbwa, wakiichora hatua kwa hatua, wengine wasirudi. Nilizipenda. Lakini sehemu ya mwisho, ambapo taa zilipunguzwa na muziki ukapanda, nilitakiwa kuinua mkono na kusema kwamba hii ilikuwa nchi tupu, nchi isiyojua unyayo wa binadamu, mpaka majasiri hao walipofika na kuipa majina. Nami nilijua si kweli. Hema la ngozi lilikuwa pale pale nyuma yangu. Nilikuwa nasema maneno hayo nikitazama juu, kwenye bomba la kiyoyozi, nisikutane na jicho la mtu.

Katikati ya msimu meneja alitukusanya. Alikuwa mtu wa haraka, anayetembea huku akiongea.

“Kesho tunampata mtu halisi,” alisema. “Kutoka Taimir kabisa. Atakaa ndani ya hema, atashona shanga. Wewe utamtunza. Yalla, kila mtu kazini.”

Mtu halisi. Nilivitazama viatu vyangu.

“Nami je?” aliuliza Mmombasa yule baada ya meneja kuondoka. “Wataleta reinde halisi?”

Alifika asubuhi, mwanamke wa makamo anayeelekea uzeeni, mfupi, mashavu mapana, miwani ikining’inia kifuani kwa kamba. Alivaa fulana na kandambili kama mtu anayekwenda ufukweni. Vazi lake la ngozi lilikuwa ndani ya mfuko wa nailoni wenye zipu, na alilibeba mbali kidogo na mwili, jinsi mtu anavyobeba nguo ya kuazima. Nilijiandaa kwa mkalimani, lakini akanisalimu kwa Kiingereza cha polepole, kila neno likisimama peke yake.

“Jikoni ni wapi?” aliuliza.

“Hakuna jiko, madam. Tunakula kule chini kwenye vibanda.”

“Madam ni mwenye nyumba,” alisema. “Mimi si mwenye nyumba.”

Nikamwita Mama. Alicheka, akasema neno hilo kwao ni hilo hilo. Naye alipojua kazi yangu ya zamani akawa ananiita mwalimu, mbele ya watu, hata nikiwa na kofia ya masikio. Nilitamani aache, na nilitamani asiache.

Basi akawa anakaa ndani ya hema, amevaa ngozi, sindano mkononi. Watu walimwinamia na simu zao. Walimpiga picha akishona, wakampiga picha akitafuta sindano iliyoanguka. Mama mmoja aliyevaa vizuri aliniuliza, hatua mbili kutoka alipokaa, “Anaelewa tukisema?” Mwingine alimgusa shavu kwa kidole, taratibu, kama mtu anayepima tunda sokoni. Mwenyewe hakusogeza kichwa. Alingoja kidole kiondoke, kisha akaendelea na shanga zake. Mimi ndiye niliyegeuka na kujifanya napanga kamba za kuzuia watu.

Siku yake ya kwanza, taa zilipopunguzwa na muziki kupanda, ulimi ulinikataa. Nchi tupu, ilibidi niseme. Nchi isiyojua unyayo. Naye amekaa pale, nyayo zake mwenyewe ndani ya viatu vya manyoya. Nikayasema kwa kasi, kama anayesoma onyo la dawa redioni, watu wakapiga makofi.

Wakati wa mapumziko alinisogezea chai.

“Unaongea vizuri, mwalimu. Yale maneno ya nchi tupu, nani kaandika?”

“Ofisi.”

“Walifika huko?”

“Sidhani, Mama.”

Alitikisa kichwa, akauliza kama kuna sukari. Nilingoja aniseme. Nilikuwa tayari hata kupigiwa kelele. Alikoroga chai yake tu, na hilo liliniuma kuliko kelele.

Jumatatu ukumbi ulifungwa kwa ukarabati wa viyoyozi. Mmombasa alikuwa na rafiki mwenye gari, akapendekeza tumpeleke mgeni Hatta akaone milima, kwa kuwa tangu afike alikuwa ameona lifti na maduka tu. Mama yule alikaa mbele, mkoba magotini. Mji ulipokwisha na mchanga kwisha, milima ikaanza, mikavu, ya kahawia, mawe matupu tangu chini hadi juu. Akashusha kioo.

Tulipofika kwenye bwawa la Hatta, watalii walikuwa wanapanda vimashua vya kukodi. Yeye hakuangalia maji. Alikwenda mpaka kwenye mteremko, akaokota jiwe, akaligeuza, akalirudisha palepale alipolitoa.

“Byrranga,” alisema.

“Inafanana?” niliuliza.

“Ongeza baridi. Ongeza mbu. Toa gari zote. Ni hii.”

Tukakaa kivulini, Mmombasa akagawa sambusa. Nikamwomba atusimulie utoto wake huko, juu ya sleji, ndani ya mahema. Nilikuwa nimetamani kuuliza siku nyingi, na nadhani nilikuwa nimeshaanza kupanga jinsi nitakavyoyatumia kwenye kipaza sauti.

Alitafuna, akameza.

“Mwalimu, mimi nimekulia gorofa ya nne,” alisema. “Mji wa kiwanda. Shule ya bweni. Bibi yangu ndiye aliyezaliwa hemani. Serikali iliwakusanya kijijini, mama yangu akaenda shule, kisha mimi nikaenda shule. Bibi alipougua aliletwa mjini, yeye na sanduku lake. Alikuwa anakaa dirishani anaongea lugha yake peke yake. Sisi watoto tulikuwa tunaongeza sauti ya televisheni.”

“Na hizi shanga?” aliuliza Mmombasa.

“Nimejifunza ukubwani, kwenye nyumba ya utamaduni. Na lile vazi ni lao. Nikirudi nalirudisha.”

Aliendelea kutuambia kwamba tundra aliifikia akiwa na zaidi ya miaka thelathini, ndoa imevunjika, akatafuta kazi ya upishi kwa watafiti waliokuja kila kiangazi kupima ziwa na udongo. Helikopta iliwashusha ukingoni mwa Ziwa Taimir na magunia ya unga na jiko la chuma, ikaondoka, na sauti yake ilipopotea alisikia kitu ambacho hakuwahi kukisikia mjini, nacho ni kwamba hakukuwa na sauti yoyote. Barafu bado ilielea ziwani ingawa ilikuwa Julai. Ardhi juu imelainika na chini imeganda daima, kwa hiyo ukitembea ni kama unakanyaga godoro lililolowa. Mbu waliingia kwenye supu, akaacha kuwatoa. Siku moja alikwenda kuchota maji, akaona pale mto ulipomega ukingo kumechomoza kitu kilichopinda kama mzizi; akakivuta, kikakataa. Watafiti walipokuja walipiga kelele za furaha. Ilikuwa pembe ya ndovu wa zamani mwenye manyoya, aliyekufa kabla watu hawajaanza kuandika habari zao.

“Wakawa wananiheshimu,” alisema. “Wakasema, wewe ni mtu wa hapa. Kila kilima wakaniuliza, watu wako wanakiitaje? Kwanza nilisema sijui. Nikaona sura zao. Wamekuja mbali sana, unajua? Nikaona aibu. Basi nikaanza kuwapa maneno machache ya bibi niliyokumbuka.”

“Maneno gani?” niliuliza.

“Maneno ya bibi kwa mtoto. Kijiko. Kaa chini. Funga mlango.” Aliinua kidole akaonyesha mlima wa Hatta, kana kwamba ni ule ule. “Kuna kilima kwenye ramani zao kinaitwa Nawa Mikono.”

Mmombasa alicheka mpaka akaegemea jiwe, machozi yakamtoka. “Wallahi Mama, umewaweza!” Nami nilicheka. Naye alicheka pamoja nasi, akiwa ameziba mdomo kwa kiganja. Kisha kicheko kilimwishia kabla yetu, tukabaki tunacheka wawili, na tulipomwona uso tukanyamaza mmoja baada ya mwingine.

“Bibi alijua majina yote,” alisema.

Njiani kurudi hakukipandisha kioo mpaka tulipoingia mjini.

Yaliyotokea wiki ile nayakumbuka kwa mpangilio mzuri kuliko mambo mengi ya maisha yangu. Ulikuwa mchana wa Ijumaa, ukumbi umejaa. Nilikuwa karibu na jahazi, nikieleza jinsi barafu inavyoweza kuvunja mbao, nilipomwona mzee mmoja Mzungu, mrefu, ndevu nyeupe, akivuka zulia la bahari kwa haraka. Hakuangalia kitu kingine. Alikwenda moja kwa moja hemani, akachuchumaa mbele ya Mama yule, uso umejaa furaha, akasema maneno kwa lugha ambayo sijawahi kuisikia, laini, yenye sauti za kumezwa.

Mama akainua macho. Sindano ikasimama.

Mzee akayarudia. Kisha akawageukia watu waliokuwa karibu, akawaeleza kwa Kiingereza kwamba yeye ni mtafiti wa lugha, kwamba aliishi Taimir zamani akijifunza lugha ya Wanganasani, wenyeji wa rasi ile, kwamba wanaoizungumza sasa ni wachache mno, na kwamba hakutegemea katika maisha yake kukutana na mmoja wao hapa, ndani ya duka! Watu wakasogea. Simu zikainuliwa. Mtu akasema, “Mwambieni ajibu, nirekodi.”

Mzee akarudia mara nyingine, sasa polepole, kila neno peke yake, kama tunavyowasemesha watoto. Mama aliinamisha kichwa. Niliona wekundu unapanda kutoka shingoni mwake hadi kwenye paji la uso. Kwenye kundi mtu alicheka kidogo, si kwa ubaya, kama watu wanavyocheka jambo linapokawia. Nami, namwambia msomaji kama ilivyokuwa, kitu cha kwanza nilichohisi kilikuwa nafuu. Kwa mara ya kwanza tangu nivae koti lile, hakuna aliyekuwa ananitazama mimi.

Mzee akanigeukia. “Haongei?”

“Ana maumivu ya koo,” nilisema kwenye kipaza sauti. “Samahani. Leo hawezi kuongea.”

Yalitoka mdomoni yenyewe. Nilijua yalikotoka hata kabla sijayamaliza. Miaka ya nyuma, kwenye msiba wa bibi yangu mzaa mama, wanawake wazee waliokuja kutoka vijiji vya juu walinishika mikono wakanisalimu kwa Kibondei, lugha ya kwetu, salamu ndefu yenye kuitikiana, na mimi, msichana msomi wa Kiswahili na Kiingereza, nilisimama kama mti. Mama yangu aliingia kati upesi: “Mtoto sauti imemkauka kwa kulia.” Wazee wakanionea huruma, wakanipapasa mgongo. Sikuwa nimelia hata kidogo. Nililia baadaye, nyuma ya jiko, na hata leo siwezi kusema nilikuwa namlilia bibi au nalilia ule mkono mgongoni.

Mama wa Taimir aliweka shanga chini. Akainuka, kwa shida kidogo, maana vazi lilikuwa zito.

“Siumwi koo,” alisema kwa Kiingereza chake. Alinitazama mimi kwanza, si kwa hasira, kisha mzee. “Bibi yangu aliongea hiyo. Mama yangu kidogo. Mimi walinipeleka shule. Pale shuleni aliyeongea hiyo alisimama pembeni, uso ukutani. Mimi nilikuwa mtoto mzuri. Sikusimama pembeni.” Akavuta pumzi. “Mimi ni mpishi.”

Muziki uliendelea peke yake. Baadhi ya simu zilishuka, nyingine zikabaki juu.

Mzee alikuwa bado amechuchumaa. Uso wake ulibadilika rangi kama ulivyobadilika wa Mama. Alikaa chini kabisa, juu ya zulia la bahari, mtu mzima na suruali yake nzuri, akasema, “Nisamehe. Nimekuwa mjinga.”

“Ulisema nini?” Mama alimuuliza. “Uliponisalimu. Ni nini hiyo?”

“Nilikuuliza kama umefika salama.”

“Sema tena.”

Akasema. Mama akairudia, akakosea. Mzee akasita, nikaona hataki kumsahihisha mbele za watu, lakini Mama alimtolea mkono kama anayedai kitu chake, naye akasema tena, polepole. Safari hii ilitoka. Wakaenda hivyo mara kadhaa, yeye amesimama na yule amekaa chini, mgeni akimpa mwenyewe maneno ya bibi yake, mbele ya kundi la wanunuzi wenye mifuko ya maduka. Watu walianza kuondoka mmoja mmoja, kwa adabu. Mimi nilizima kipaza sauti. Hicho tu ndicho nilichofanya. Nilikizima na kukishika kwa mikono miwili kama mtu aliyeitwa ofisini.

Jioni ile nilimwomba radhi kwa ule uongo wa koo.

“Ulitaka kunificha,” alisema.

“Nilitaka kukusaidia.”

“Najua. Ni kitu kimoja.” Alikuwa anakunja vazi kulirudisha kwenye mfuko wake. “Hata mimi nimejificha sana, mwalimu. Sikulaumu.”

Meneja aliiona video ya tukio hilo kabla ya sisi kumwambia. Hakufoka. Alisema watu wanakuja kufurahi, hawaji kusikia mambo ya kusimamishwa ukutani, na kuanzia kesho pangewekwa kamba mbele ya hema na Mama asizungumze na watazamaji. Nikajikaza nikamwambia kwamba ile sehemu ya nchi tupu si sahihi, na kwamba kama mwalimu wa jiografia ningependa iondolewe.

“Imeshapangwa na muziki wake,” alisema. “Khalas. Iache.”

Ningependa kuandika kwamba niligoma. Sikugoma. Meneja akiwapo niliyasema yale maneno yote, mkono juu. Asipokuwapo niliyaruka, nikasema kwamba watu walikuwa wanaishi pale tangu zamani, wakiwafuata reinde kusini na kaskazini, na kwamba majahazi yaliwakuta. Mama alikuwa anayasikia yote mawili, maneno ya ofisi na yangu, akiwa nyuma ya kamba. Hakushona tena. Alivaa miwani yake, akatoa simu, akasoma mpaka muda wake uishe. Siku ambazo meneja alikuwa amesimama mlangoni nilijitahidi kumpa Mama mgongo.

Siku zake zilipokwisha alitaka kwenda kununua vitu Deira, upande wa masoko ya zamani. Ninakaa Deira, chumba cha kuchangia, kwa hiyo niliijua mitaa. Tulinunua karafuu na pilipili manga, naye akanusa kila gunia kama mtaalamu. Kisha akaniomba tutafute sufuria. Si ya nyumbani, akasema, kubwa, ya watu wengi. Watafiti wangerudi ziwani kiangazi kijacho, na ile ya zamani ilikuwa imetoboka. Tulizunguka kwa wauza vyombo wa jumla mpaka akapata moja ya alumini, pana kiasi kwamba mwenye duka aliuliza kama tuna harusi.

Kwenye metro aliishika magotini, mikono ameikunja juu yake. Karafuu zilikuwa ndani, behewa zima likanukia.

“Mzee yule ananiandikia,” aliniambia. “Kwenye simu. Kila siku neno moja. Leo limekuwa neno la ukungu.”

“Unayashika?”

“Mengine. Mengine nayasahau, anayatuma tena.” Alifikiri. “Inauma kuyapata kwake, mwalimu. Ningependa kuyapata kwa bibi. Lakini bibi nilimwongezea televisheni.”

Nilitaka kumwambia habari za msiba wa Muheza. Nilifungua mdomo kabisa. Kituo kikafika, watu wakaingia kwa kusukumana, tukaanza kuilinda sufuria isibonyee, na nafasi ikapita. Asubuhi iliyofuata aliondoka. Mmombasa alimbebea mizigo mpaka kwenye gari la uwanja wa ndege, naye Mama akambusu mashavu yote mawili, na mimi vilevile, kwa nguvu, akasema neno moja la Kinganasani ambalo hakulitafsiri.

Maonyesho yalifungwa msimu ulipokwisha. Taimir ikakatwa vipande vipande, Byrranga ikapakiwa kwenye lori ikiwa imelala ubavu. Nilirudi mkahawani kwenye minara ile, kwa wateja wangu wa kahawa.

Siku moja mchana, wateja wakiwa wachache, nilitoka kwenye ngazi za nyuma nikampigia mama yangu kule Muheza. Nilimuuliza jinsi ya kuitikia salamu ya Kibondei, ile ya kwenye misiba.

“Kuna nani kafa?” aliuliza kwa hofu.

“Hakuna, Mama. Nataka kujua tu.”

Nikasikia akivuta kiti, akikaa.

“Siku ile ya bibi yako,” alisema mwishowe, “sikutaka wakucheke.”

“Najua, Mama.”

“Kosa lilikuwa langu, si lako. Nilisema utachanganyikiwa shuleni nikikusemesha Kibondei. Wale wazee walijua. Unadhani hawakujua? Walinitazama mimi.”

Sikuwahi kufikiria hivyo. Miaka yote niliibeba aibu ile kama yangu peke yangu, kumbe alikuwa na yake, kubwa zaidi, na hatukuwahi kuambiana.

Akanisomea salamu, kisha maitikio. Nikarudia. Akacheka, akasema nimeitamka kama padri mgeni. Nikarudia tena. Ndani ya mkahawa mtu aligonga kengele ya kaunta, msimamizi akafungua mlango akaniita, “Yalla, wateja!” na nikamwonyesha kidole kwamba nakuja, simu ikiwa bado sikioni, Mama akinisahihisha kwa mara nyingine.